Spika ya Katikati

Uliza Mlola yote, watakwambia fundi wa sabufa pale sokoni ni mkali na hana utani. Kwa hiyo nisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, akili zangu timamu.

Alikuja mzee mmoja kibandani kwangu, sauti yake inakwaruza. "Fundi, spika ya katikati haisemi. Muziki tunausikia, maneno ya watu hatuyasikii."

Nikacheka moyoni. Hilo ni tatizo la kila siku la hom thieta. Mabomu ya filamu yanalia, watu wanachezesha midomo tu, maana maneno yao hupitia spika ile ya katikati. Ama waya umechomoka, ama mtu kachezea rimoti. Nikachukua bisibisi, tukapanda pikipiki yake kuelekea njia ya Mtae, ukungu umeshuka mpaka barabarani.

Sebuleni walikaa mabibi wawili na binti mmoja, wanatazama filamu. Nikawaamkia, "Shikamooni." Midomo yao ikacheza, marahaba sikuisikia. Kwetu huku mtu mzima akunyime marahaba, umeona wapi? Ningegeuka palepale. Lakini mimi nikishaona nyaya, sioni kingine.

Nikabana nyaya upya, nikarekebisha mpangilio kwenye rimoti. Kimya. Sasa mimi nina mtindo wangu wa kujaribu spika, mafundi wenzangu wanaujua. Naunganisha simu kwa bluutuuthi, nampigia mke wangu, aongee. Sauti uliyoizoea ikikwaruza hata kidogo, unajua.

"Baba Hoza, mbona umechelewa?" akasema mke wangu. "Makande yanapoa huku."

Ikatoka safi kabisa. Wale wanawake wakainua vichwa kwa pamoja. Mzee akanishika bega. "Basi, fundi. Hiyo inatutosha." Simu ikakatika.

Nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa mlangoni kajishika koo. Mdomo unakwenda, sauti hamna.

Kesho yake nikampeleka kwenye nyumba ile. Hata kabla ya kubisha hodi tuliisikia sauti yake mwenyewe ndani, inapiga soga, inacheka kicheko chake kile cha kukatikakatika. Mke wangu akakaa chini kwenye majani akalia, na kilio chenyewe hakikusikika. Nikagonga mlango kama mwehu.

"Nani?" ikauliza sauti ya mke wangu kutoka ndani.

Nikataja jina langu.

"Simjui."

Nikauvunja mlango. Chumba kitupu, sakafu ina vumbi, hata tundu la umeme ukutani hakuna. Niamini, nilipapasa ukuta wote.

Hospitali wanasema koo lake ni zima. Mchungaji ameomba, mganga naye amekula kuku wetu. Nimeacha kutumaini, na naona yeye aliacha kabla yangu.

Wewe fundi, jaribu spika kwa redio, jaribu kwa muziki, jaribu kwa chochote. Sauti ya mtu wako usiipeleke kwenye nyumba ya watu usiowajua, tena wasioitikia salamu.

Siku hizi mke wangu huniita kwa kupiga makofi. Sokoni kukiwa na watu wengi, nasikia makofi, nageuka, kumbe ni mtu mwingine anamwita mwingine.