Kifini cha Mbishi

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini walimwita Mbishi, na jina hilo hakulipata bure. Mjukuu wake wa pekee, mtoto wa miaka minne aliyezaliwa ughaibuni, alijua Kifini tu. Kwenye simu bintiye fundi ndiye aliyetafsiri, na kila kitu kilimfikia bibi kimeshapoa. Siku moja mtoto akakataa kabisa kuja kwenye simu.

"Anasema bibi hajui kuongea," binti alieleza kwa aibu.

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake akafunga duka mapema, akaenda chuo cha lugha. Mwalimu alimwonyesha chati ukutani: lugha nyepesi kwa kijani, ngumu kwa nyekundu. Kifini kilikuwa chekundu, tena pale hakikufundishwa.

"Mama yangu, kwa umri huu usijitese. Chukua Kihispania, chepesi hicho."

"Chepesi kwa nani, mwanangu? Kwenye Kihispania sina mtu hata mmoja. Nijifunze nimsalimie nani?"

Akabeba mkoba wake, akaondoka.

Basi akafanya kama afanyavyo fundi akiletewa gauni asilojua limeshonwaje: akafumua. Alimwomba binti amrekodi mtoto akipayuka nyumbani, amtumie pamoja na maana. Huku akikanyaga cherehani, alisikiliza kipande, akakirudia kwa sauti, akahamia kingine. Wateja walimcheka. Jirani muuza vifungo akamwambia ulimi wa mtu mzima haukunjiki.

"Wangu unakunjika," alijibu, pini zikiwa mdomoni.

Kuna neno lilimkataa tangu asubuhi mpaka anafunga duka, akalia kwa hasira. Lakini kuacha? Thubutu!

Taabu ni kwamba mwalimu wake alikuwa na miaka minne. Kumwuliza mtu habari za leo hakujua. Alijua "hiyo ni yangu", "bado nacheza", na ile isiyokosekana kwenye rekodi yoyote, "sitaki kulala!"

Jumapili akapiga simu. Kule nyuma mkwewe alikuwa akimpeleka mtoto kitandani, mtoto anapiga kelele nyumba nzima. Fundi akavuta pumzi, akapaza sauti kwa Kifini:

"Sitaki kulala!"

Kelele zikakatika. Mara uso mdogo ukajaa kwenye kioo cha simu, macho yamemtoka pima. Mtoto akauliza kitu harakaharaka. Fundi alishika nusu tu, akajibu kwa alichonacho: "Bado nacheza!" Mtoto akaangua kicheko, akamsahihisha. Fundi akarudia, akakosea, akarudia tena, machozi yanamtiririka wala hana habari nayo.

Binti, kwa mazoea, akainama atafsiri. Mtoto akamsukuma kwa kiwiko, akasema maneno ambayo fundi aliyaelewa yote:

"Mama, nyamaza. Naongea na bibi."