Breakdown akienda kupiga free throw, uwanja mzima chini

Wakuu, niaje.

Juzi kuna kijana alituandikia hapa ati mchezaji hana clip ya video hakuwahi kuwepo. Nilisoma hiyo comment nikaweka simu kando nikaendelea na kazi, lakini ilinikaa. Mimi hushona viti vya magari hapa Nakuru, naishi Kaptembwo, na sina faida yoyote nikiwadanganya. Nipeni dakika zenu.

Enzi zetu kulikuwa na college moja hapa mjini, jina naacha. Court yao ya basketball ilikuwa ya simiti, imepasuka, ring haina net. Viti hakuna. Fans tulikuwa tunasimama tu kuzunguka laini, wanafunzi pamoja na sisi watu wa mtaa ambao hatukuwa tunasoma huko hata kidogo.

Tulikuwa tunaenda kuona msichana mmoja. Jerop, mtu wa kutoka Molo, mrefu, hana maneno mengi. Tulimwita Breakdown, kama ile lori ya kuvuta magari mabovu, kwa sababu ukigongana na yeye chini ya ring ulikuwa unatolewa umeshikiliwa.

Wacha niwape mechi moja tu.

Timu ya Eldoret ilikuja na wasichana wamejaza miili, wakamwekea watatu kwa mpigo. Mvua ikaanza. Kiatu chake kikafunguka soli, akakirusha huko kando, akaazima kimoja cha kijana wa timu ya wanaume na mguu mwingine ukabaki na chake. Second half yote, mpira ukiruka juu unajua tu utashukia mikono ya nani. Ilifika mahali coach wa Eldoret aliacha kupiga kelele, akakunja mikono akaangalia kama sisi. Huyo mzee nilimheshimu sana.

Sasa, hapa ndio muhimu. Tulikuwa na desturi yetu.

Walio nyuma walikuwa hawaoni vizuri, na kulikuwa na jamaa tulimwita Kafupi, kazi yake ilikuwa kulalamika tu, "Nyinyi wa mbele, chini." Siku moja Jerop akiwa kwa laini ya free throw tukamtii. Tukachuchumaa wote, kimya. Akafunga zote mbili. Na mnajua akili ya fans, tukaamua hiyo ndiyo bahati yake. Tangu siku hiyo, Breakdown akienda kwa laini uwanja mzima chini. Wengine wakipiga tunasimama zetu. Kuna wageni walidhani tunaomba Mungu.

Kisha goti likaenda. Alianguka bila kuguswa na mtu, na wote tukajua. Hakurudi tena, na sisi tukaoa, tukanenepa, tukaendelea na maisha.

Mwaka huu nikaitwa Naivasha kurekebisha viti vya basi ya wafanyakazi wa shamba la maua. Jioni watu wakitoka kazi, nikaona mama mrefu anachechemea kidogo. Nikajaribu tu, nikaita, "Breakdown."

Akageuka. Wakuu, machozi yalinilenga pale pale kwa stage ya basi.

Tukaingia hoteli, chai na chapo. Binti yake akatupata huko, anaitwa Chela, ako Form Two, urefu ni ule ule. Nikaanza story za mama yake. Msichana akaniangalia vile mtu huangalia wale wa kuuza dawa ya panya. Akasema kila mtu ako na mzazi alikuwa star. Jerop akakoroga chai yake, akasema aah, tulikuwa tunacheza tu.

Ilinichoma hiyo. Tulikuwa tunacheza tu?

Jerop akinisindikiza ndio akanieleza. Wanaishi Kihoto, kando ya ziwa hapo Naivasha, na ziwa lilipofurika likaingia kwa nyumba lilibeba picha, jersey, medali, kila kitu. Chela alikuwa amejigamba shuleni kuhusu mama yake. Wenzake wakamwambia basi lete hata picha moja. Hakuwa nayo. Walimcheka mpaka akaacha kwenda mazoezi ya basketball, na sasa hata nyumbani hataki kusikia hizo story.

"Sitaki anione mkubwa," Jerop akaniambia. "Nataka tu asidhani nilimdanganya."

Nilirudi Nakuru na hayo maneno.

Nikauliza kwa group yetu ya WhatsApp nani ako na picha. Hakuna. Simu zetu siku hizo zilikuwa na tochi tu. Jamaa mmoja alituma moja iko na refa, iko na mti, na kando kuna kiwiko. Aliapa hicho kiwiko ni cha Jerop.

Basi tukasema kama picha hakuna, watu wako. Tukapanga Jumamosi mchana, pale pale court, mama na binti waje.

Na watu walikuja. Kafupi sasa ni deputy principal, tumbo mbele. Mwingine amekuwa pastor, alikuja na suti. Mathe aliyekuwa anatuuzia mandazi kwa gate akaja na thermos yake. Ring bado haina net.

Shida ni kwamba tulianza kuongea. Huyu anasema siku ya mvua Jerop alifunga pointi thelathini, yule anasema arobaini, pastor anasema hiyo siku hakukuwa na mvua kabisa. Mwingine anasema kiatu kilikuwa cha kushoto. Wawili karibu washikane mashati. Tulikuwa tunamsifu huyo mama kama watu wanauza gari mbovu.

Chela alikuwa amekunja mikono. Akaniambia polepole, "Uncle, hamjakubaliana hata kitu moja."

Nilisikia vibaya sana, nikaona tumekuja kumalizia kazi ile maji ya Kihoto yalianza.

Kafupi alikuwa amebeba mpira. Akamwomba Jerop apige hata mmoja tu, tutoe aibu. Jerop akakataa, akasema goti. Pastor akambembeleza. Mwishowe akavua vile viatu vyake vya kanisa, akatembea pole pole na miguu mitupu mpaka kwa laini.

Hatukuwa tumepanga.

Tulienda chini wote. Magoti yalilia kama milango ya stoo. Pastor na suti yake, mathe ameshika thermos, deputy principal amejishikilia kwa bega langu, hata wale wawili wa kushikana mashati. Kimya kabisa.

Chela akabaki amesimama peke yake. Akatuangalia mmoja mmoja, watu wazima tumechuchumaa kwa simiti. Kisha akaangalia mbele, na kwa vile hakukuwa na kichwa cha kumzuia, akamwona mama yake.

Mpira ulikuwa mfupi. Haukugusa hata ring.

Hakuna mtu aliinuka. Jerop akacheka ile ya aibu, akataka kutoka kwa laini.

Chela ndiye alienda kuchukua mpira. Akampelekea mpaka mkononi.

"Mum, si free throw huwa mbili?"

Kisha akarudi akachuchumaa kando yangu.

Kwa hivyo wewe kijana wa clip, nilichojifunza ni hiki. Sisi fans tutakosea pointi, tutakosea mvua, tutabishana hadi kiatu. Usitupime kwa hayo. Angalia vile tunafanya huyo mtu akisimama kwa laini.

Kama kuna mchezaji uliwahi kuona na hana video popote, mwandike hapa chini, jina lake la uwanjani na vile mlikuwa mnamshangilia. Kwa hii thread hakuna kuitishana ushahidi.

Na kabla muanze kuniuliza, ya pili iliingia. Mimi sikuiona, nilikuwa naangalia huyo msichana. Nilijua kwa vile aliruka.