Basoda Beupe ba Wilondja

Bwana yangu Wilondja hakujua kukaa. Kula, alikula amesimama mlangoni, kijiko mkononi. Kusali, alisali akitikisa mguu mpaka benchi la kanisa linalia. Mahali pamoja tu alitulia: kwenye mikroskopi ya dispansere ya Baraka. Hapo aliinama saa nzima, jicho moja limefungwa, kidole kinagonga paja, anahesabu damu ya watu. Mimi Adolphine nilikuwa nachemsha sindano chumba hicho hicho, na sitaficha: kile chuma nilikionea wivu.

Mwaka wa hamsini na saba, kiangazi, gripi, ile homa ya mafua, ikatufikia. Aa, mama yangu! Mboko ilikohoa, Fizi ikakohoa, hata wachungaji walioteremsha ng'ombe kutoka Minembwe walipanda tena milima wakikohoa. Wagonjwa walijaa barazani mpaka nje kwenye vumbi. Dokta mzungu alikuwa mmoja, leo hapa, kesho kule, na penisilini haikutosha kumchoma kila mwenye kukohoa. Nani apewe? Ndiyo kazi ya Wilondja ilikuwa hiyo.

Alitoboa kidole, akavuta damu kwa mrija wa kioo, akaichanganya na maji makali yanayoua chembe nyekundu, kisha akahesabu zile nyeupe zilizobaki. Mwenye gripi tupu, nyeupe zake zilipungua: elfu nne, elfu tatu. Huyo mara nyingi alilala, akanywa uji, akainuka. Lakini mwingine, siku ya saba ao ya nane, unadhani anapona, kumbe homa inarudi na hesabu inaruka mpaka elfu kumi na nane, elfu ishirini. Huyo mapafu yake yameingiliwa na ugonjwa wa pili, na huyo ndiye wa kuchomwa penisilini, upesi. Walikuwepo pia wachache walioshuka chini ya elfu mbili, wanatafuta pumzi midomo wazi. Hao walitutisha zaidi, maana sindano yetu haikuwafaa kitu. Wilondja alijua haya yote, na kujua kulimchoma. Alizunguka uwanjani, anarudi, anatoka tena, mpaka namfokea.

Sasa, chembe nyeupe utamweleza vipi mtu anayeumwa? Wilondja alijitungia neno lake: basoda beupe, askari weupe. Ni basoda ba mwili, alisema, wanapigana na ugonjwa. Neno hilo lilimpendeza kupita kiasi. Nilimwita kwa jina la binti yetu nikamwambia, "Baba Félicité, hiyo neno itakuletea mambo." Akacheka. "We chemsha sindano zako."

Basi akaletwa Assumani, mvuvi wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, siku ya nane ya gripi. Mke wake Latifa alimshika kiuno, wanatembea polepole. Homa ilikuwa juu, mbavu zinamchoma. Lakini kilichomhangaisha kuliko mbavu ni pamba. Wakati ule pamba ilikuwa ya lazima, na asiyechuma kwa wakati, askari wa wazungu walikuja kumfunga. Pamba ya Assumani ilikuwa bado shambani, inaanguka chini. Kila aliyepita mbele yake alimuuliza, "Basoda bamefika kwetu? Banatafuta nani?"

Wilondja akahesabu, akarudia. Elfu kumi na tisa. Akaruka kutoka kitini, furaha imempanda kichwani, maana amempata mtu wa kuokoa. Akapaza sauti pale mlangoni:

"Mama Latifa! Basoda beupe beko benyi! Banaongezeka! Mukae hapa hapa, musitoke, mi naenda kuita dokta!"

Ee Mungu. Basoda beupe. Hebu jiweke mahali pa Assumani, na pamba yake kule.

Wilondja aliporudi na dokta na ufunguo wa kabati la dawa, mkeka ulikuwa mtupu. Bibi mmoja aliyelala jirani, Mwanahamisi, akatuambia, "Bamekimbia ku mutumbwi. Si munganga alisema basoda ba bazungu banakuja?" Mimi nilicheka kwanza, Mungu anisamehe. Halafu nikamwona Wilondja, tayari anakimbilia pwani, na kicheko kikaniisha.

Dokta alinipa penisilini nikamchome huko huko Ubwari. Lakini nani atatuvusha? Kila mpiga kasia alikuwa chini na gripi. Siku mbili nzima Wilondja alikwenda pwani na kurudi, anabembeleza, anagombana, anabembeleza tena. Usiulize kama alikula. Siku ya tatu wazee wawili waliokwisha kupona wakakubali, nasi tukavuka ghuba, bwana yangu ananyang'anya kasia mikononi mwao kwa kuwaona wanachelewa.

Kijijini wanawake walikuwa wamejaa nyumbani kwa Assumani. Latifa alikaa kwenye mkeka ndani, amejifunika kitambaa cheupe. Nikaelewa kabla ya kuambiwa. Walimficha Assumani juu ya kijiji, katikati ya mawe, bila moto, moshi usije ukaonekana. Alikufa jana yake. Walikuwa wamekwisha kumzika.

Wilondja alibaki mlangoni. Latifa akasikia ni yeye, akasema kutoka ndani kwa sauti iliyokwisha kulia:

"Aksanti, munganga. Mwingine angenyamaza, bangetukuta pale pale. We ulituambia mapema, tukapata kumuficha. Amekufa kwake, hakuna soda amemugusa."

Penisilini ilikuwa ndani ya kikapu changu. Nilifungua kinywa. Hasira ilinijaa, nilitaka kumwambia yule mama kila kitu, neno kwa neno. Wilondja akatikisa kichwa, mara moja tu, na machozi yanamshuka. Nikakifunika kikapu.

Tulipotaka kuondoka, Latifa akamtuma dada yake atufungie mikeke minne ya kukaushwa, samaki wazuri, ya munganga kula njiani. Wilondja akainyoosha mikono yote miwili akapokea.