Mtakatifu Anna, Ng'ambo ya Lami

Asubuhi ile niliondoka Kongwa bila sababu. Kazi ya kupura alizeti ilikuwa bado ipo, na mwenye shamba hakuwa mtu mbaya. Niliamka tu, nikaona ukuta uleule niliokuwa nimeutazama miezi miwili, nikakunja blanketi. Zamani nilikuwa naondoka kwa furaha. Siku hizi naondoka kama mtu anayekwenda kazini.

Nilitembea hadi njia panda huku upepo wa Julai ukinipuliza vumbi machoni. Lori la magunia likanichukua kuelekea Dodoma. Dereva hakuongea, nami nikamshukuru moyoni. Nilisoma kila kibao tulichokipita: makanisa, viwanja vinavyouzwa, wagombea walioshindwa zamani. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kusoma sikukuacha. Tulipopita Buigiri, dereva akasema anakata kona kwenda mashineni. Nikashuka. Hata jina la kijiji sikuuliza.

Upande wa kaskazini wa barabara ngoma ilikuwa inalia, na vigelegele. Nilikuwa na kiu, lakini nilichoka kiasi cha kutotaka watu wengi. Nikaenda upande wa kusini, kwenye nyumba ya kwanza.

Uani palitandikwa mkeka, na juu yake sahani tupu kama ishirini, zimefunikwa kanga iliyobanwa kwa mawe kila pembe. Hapakuwa na mtu wa kula. Bibi mmoja alikaa kando ya sufuria kubwa, mikono mapajani. Karibu naye mzee mwenye kofia alikuwa anafuta kisu.

"Shikamoo, bibi. Naomba maji."

"Marahaba. Umebatizwa?"

Nimewahi kuulizwa mengi kabla ya kupewa maji, lakini hilo lilikuwa jipya. Nikasema nimebatizwa.

"Mkatoliki?"

"Mkatoliki."

"Unajua kusoma?"

"Niliishia darasa la tano."

"Linatosha. Keti."

"Mpe maji kwanza, bibi," mzee akasema. "Atasoma nini na koo kavu?"

Mzee yule alikuwa jirani yake, mtu wa Kondoa mwenye duka dogo pale kando. Kutoka kwao wawili nikapata habari, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Bibi alipokuwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, siku ya tatu, mama mkwe wake alimwomba Mtakatifu Anna. Mtoto akatoka mzima. Bibi akaweka nadhiri: kila sikukuu ya Anna, maadamu ana miguu, litania itasomwa uani kwake na watu watakula washibe kabla ya jua kuzama. Baadaye jumuiya ya kanisa ya pale ilipotafuta mtakatifu wa kuwa somo wao, yeye ndiye aliyemtaja Anna, na wote wakakubali. Miaka yote sikukuu ikawa kwake.

Kisha familia zikawa nyingi. Watu wanahamia, wananunua viwanja. Padri akaagiza jumuiya igawanywe, na viongozi wakaifanya lami kuwa mpaka. Kaskazini wakabaki na Anna. Kusini wakapewa Mtakatifu Yuda Tadei, ambaye sikukuu yake ni Oktoba. Nyumba ya bibi iko kusini, hatua ishirini tu kutoka barabarani.

"Wakaniambia, bibi, somo wako sasa ni Yuda Tadei," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno akilitafutia mahali pa kukanyaga. "Sina ugomvi naye. Simjui tu."

"Lakini walikualika," jirani akasema.

"Kama mgeni. Barua ipo ndani. Mgeni mwalikwa. Mimi."

Majirani wa kusini hawakuja kwa sababu sikukuu yao bado, na waliotaka pilau walikuwa wameshavuka barabara. Mzee wa Kondoa alikuja kama kila mwaka, maana ndiye anayechinja kuku ili naye aweze kula.

"Nimechinja, na nitakula," akaniambia. "Kuitikia siitikii. Msinitafutie matatizo."

Shida ya bibi ilikuwa daftari. Litania iliandikwa humo kwa mkono na katekista ambaye sasa ni marehemu, na aliyekuwa akiisoma ni mwenyekiti wa jumuiya, ambaye leo yuko ng'ambo na Anna wake. Bibi ana mtoto wa jicho. Viitikio anavijua. Maneno ya kuongoza hayajui.

"Jua likizama haijasomwa, nimevunja nadhiri," akasema. "Na sahani hizi zikibaki tupu, nimeivunja mara mbili."

Nikafungua daftari. Wino ulikuwa umefifia, na kona moja ililiwa na mchwa. Sikuwa nimesali kwa muda mrefu, na sidhani kama siku ile nilisali. Nilisoma. Mtakatifu Anna, bibi wa Mwokozi. Utuombee. Mtakatifu Anna, mlinzi wa wanaojifungua. Utuombee. Nilisoma taratibu, kidole kwenye mstari, na sauti yake ilinifuata kila mara bila kuchoka, ingawa mimi nilichoka. Nilipofika palipoliwa na mchwa nikanyamaza. Bibi akaitikia vilevile.

Tukala. Ugali wa uwele, kuku, mlenda. Watu watatu, tena mmoja mzee na mmoja kikongwe. Jua likaanza kushuka na sufuria ikawa bado imejaa.

"Ipeleke ng'ambo," jirani akasema.

"Sipeleki."

"Watu wa Anna wako kule, bibi. Nadhiri ilisema watu washibe. Haikutaja upande wa barabara."

Bibi akaitazama sufuria. Kisha akanigeukia.

"Una pa kulala?"

"Sina."

"Basi beba. Na usiseme imetoka wapi."

Nikavuka lami na sufuria kichwani, ugali kwenye beseni mkononi, shingo ikiniuma. Kinamama wenye vitenge vya sare wakageuka waliponiona. Mama mmoja akafunua kifuniko.

"Huu mlenda ni wa bibi. Mbona haji mwenyewe?"

"Sijui, mama. Mimi mpita njia tu."

"Mpita njia anabebeshwa sufuria ya bibi? Umeshakuwa mjukuu wewe."

Wakacheka, lakini wakaosha mikono. Walikuwa wameshiba pilau, na bado walikula wima, wakipokezana matonge, mpaka nikaona chini ya sufuria. Mwanamume mmoja mwenye mvi alikula bila kuinua kichwa. Alipomaliza akanisogelea.

"Litania imesomwa?"

"Imesomwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Ndipo nikajua kuwa ndiye mwenyekiti. Akafuta vidole polepole.

"Pale palipoliwa na mchwa ulifanyaje?"

"Nilinyamaza."

"Hata mimi nilikuwa nanyamaza," akasema, akatazama upande wa barabara. "Bibi aliitikia?"

"Aliitikia."

Akaichukua sufuria, akaiosha mwenyewe, na wanawake hawakumzuia. Kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, akaijaza pilau.

Niliporudi kwa bibi, jua lilikuwa limegusa vilima. Bibi aliuliza kama imeisha, nikamwambia imeisha. Akafunua, akachukua wali kidogo kwa vidole, akatafuna.

"Haujaiva," akasema. Akachukua tena.

"Nani kaiosha?" akauliza baadaye, akipapasa ubavu wa sufuria.

"Mwenyekiti."

Akaendelea kula. Mzee wa Kondoa akavaa kandambili zake, akaaga, akaenda kufungua duka.

Chumba nilichopewa ni stoo ya uwele. Magunia yamepangwa mpaka kwenye dirisha, na katikati kuna nafasi ya mtu mmoja kujinyoosha. Bibi alinipa mkeka na kunionyesha jiwe la kuegemeza mlangoni, maana komeo limekufa.

"Kesho utakwenda dukani, uchukue daftari jipya," akasema kutoka nje. "Uninakilie ile litania."

"Na palipoliwa, bibi?"

"Paache hivyohivyo. Mimi napajua."

Nikaegemeza jiwe, nikakaa juu ya gunia, nikavua viatu.