Mtoto wa Suzana

Sauti ndiyo iliyomfanya Dorice kuwa mtu wa Kasokola. Alipoletwa kuolewa hapa akitokea Inyonga, msichana mwembamba asiyemjua mtu, wanawake wa mtaa walimtazama kama nyanya za mchuuzi mgeni: walibonyeza, hawakununua. Mpaka alfajiri moja fisi akaingia zizini kwa jirani, na bibi harusi ndiye aliyemwona wa kwanza. Alipiga yowe ambalo watu waliapa kwamba lilisikika stesheni ya treni, Mpanda mjini. Waliongeza chumvi, lakini si nyingi. Tangu hapo tukamwita wetu.

Na yowe kwetu si kelele tu. Ukilisikia unalipokea kwa sauti yako, unashika chochote kilicho karibu na unakimbilia linakotokea. Kuuliza ni baadaye. Asiyetokea anatozwa faini, tena hilo ni afadhali, maana ataanza kutazamwa: mbona hakuja, ana lake jambo huyu. Ndiyo maana nimewahi kumwona mgonjwa wa malaria akifika kabla ya wazima.

Msimu huu mbuzi wameibwa sana, na watu wamekaa roho juu. Dorice ni mjane sasa. Binti yake, Queen, ameolewa Kibaoni. Dorice mwenyewe anaishi kwenye kiwanja cha ukoo wa marehemu mumewe, Agustino, nyumba yake ikitazamana na ya shemeji yake, Evodi. Mchana mmoja alikuwa akipalilia maharage alipomwona mwanamume asiyemjua akitoka kwenye mahindi, mkono mmoja ukisukuma baiskeli yenye tenga la kuku, mwingine ukivuta mbuzi. Mbuzi wake, yule mwekundu. Hakufikiri mara mbili. Nani angefikiri? Akapiga yowe.

Ndipo akatazama vizuri. Mtu yule hakukimbia. Alikuwa akimjia, uso umemtulia, kama aliyempata aliyekuwa akimtafuta. Kwenye kamba kulikuwa bado kunaning'inia kigingi chenye udongo mbichi, mbuzi alikuwa ameking'oa mwenyewe. Tena alikuwa akivutwa kuelekea kwenye nyumba, si barabarani. Mwizi gani anampeleka mbuzi nyumbani kwa mwenyewe?

"Samahani mama," alisema, "huyu nimemkuta anazurura huko chini. Ni wa nani?"

Alisema anaitwa Pontien, ananunua kuku, na kwao ni Katumba, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi. Lafudhi ya Kirundi ilisikika katika kila neno, na Dorice akatega sikio, maana anatujua. Yowe lilikwishapokelewa ng'ambo ya kijito, na kule juu kwenye mashine ya kusaga pia. Alitaka kumwambia akimbie, akakumbuka kwamba anayekimbia ndiye amejihukumu.

Walifika. Mbele yao alikuwa Manyanda, ambaye Agustino alipofariki alimwezekea Dorice nyumba yake bila kuchukua hata shilingi. Mtu mpole, akichinja kuku anaangalia pembeni. Fimbo ya kwanza ilikuwa yake. Baiskeli ikaanguka, tenga likapasuka, kuku wakatawanyika. Dorice akawaambia kwamba si mwizi, kwamba amekosea yeye, mbuzi alikuwa akirudishwa. Sauti ile iliyouamsha mtaa mzima haikuweza kuulaza. Wengine walisema ametishwa, wengine wakasema wanawake ndivyo walivyo, huruma imemzidi. Mmoja akamuuliza Pontien kwao wapi. Akajibu kweli, na kweli hiyo ikamwongezea fimbo. Kisha Dorice akasikia mtu akitumwa kwa mwendesha bodaboda kuchukua petroli.

Aliogopa. Hakuwaogopa wageni, aliogopa nyuso alizozizoea, watu aliowapikia misibani, ambao sasa walimtazama bila kumwona. Na pale ndipo akaelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akiuliza kama mtu huyu ameiba. Walikuwa wanauliza ni wa nani. Akajiangusha juu ya Pontien.

"Ni mtoto wa Suzana," akasema. "Ni mtoto wa dada yangu."

Fimbo zikabaki juu. Manyanda, akihema, akauliza ni Suzana yupi. Dorice akasema ni dada yake aliyeolewa Katumba, marehemu, na kijana alikuwa akija kwake kumsalimia, yeye kwa woga hakumtambua. Watu wakatazamana. Kisha wote wakamgeukia Evodi, kwa kuwa ndiye aliyepeleka mahari Inyonga.

Evodi alijua vizuri kwamba Dorice alizaliwa peke yake. Akimkana, Dorice naye anakuwa mwenza wa mwizi, na petroli inatosha wawili. Akimkubali, amewadanganya watu wake mchana kweupe. Aliwapita watu, akainama kumtazama kijana usoni.

"Ni wetu," alisema Evodi.

Basi, ikaisha hivyo hivyo. Fimbo zikashushwa, mtu akakimbia kuleta maji. Manyanda alichuchumaa akamfuta Pontien damu usoni kwa shati lake mwenyewe, akimwita mjomba, akimlaumu kwa upole: ungesema mapema, mjomba, wewe ni wa hapa. Wakamkamatia kuku wake. Wakamnyooshea usukani wa baiskeli. Ugali ukaletwa na Pontien akala, kwa sababu wote walikuwa wakimwangalia. Dorice anasema fimbo zilimtisha, lakini upole ule ulimtisha zaidi.

Evodi ndiye aliyemsindikiza mgeni hadi barabarani, kama inavyopasa kwa mtoto wa nyumbani. Aliporudi alimkuta Dorice mlangoni.

"Shemeji," alimwambia bila hasira, "huyo dada yako asizae tena. Wa pili mimi simjui."

Dorice aliiangalia nyumba, akaangalia kiwanja kilicho chini yake, ambacho si chake.

"Nimesikia, shemeji," akajibu.