Mgongo Wangu Uliokuwa Mzima

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yanapata moto. Ningependa kukusimulia siku niliyoonyesha busara, maana ninazo mbili tatu, lakini hizo hazitakusaidia. Juzi baada ya ibada nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba shule ya mwanao inawasumbua wazazi. Kila msimu karatasi, kila karatasi inaomba watu wa kujitolea, na wewe ulikuja Afrika Kusini kutafuta maisha, hukuja kufagia madarasa. Wenzako walicheka. Mimi nilijifanya natafuta miwani yangu, kwa sababu maneno hayo yalikuwa yangu kabla hayajawa yako.

Miaka ile, 2017 kama sikosei, tulikuwa tunaishi Jeppestown, chumba kimoja juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mke wangu, Mama Furaha, alikuwa anasuka watu nywele, na Jumamosi ndiyo siku ambayo hakuweza kuinua hata kichwa. Mimi nilikuwa mlinzi huko Midrand, kwenye geti la mtaa wa watu wenye nafasi zao. Nilikuwa nainua kizuizi, nasalimia, nashusha kizuizi. Watu wa mle walinipungia mkono miaka na miaka bila kujua jina langu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, umri ambao mwanamume anadhani amemaliza kufundishwa. Binti yetu wa pekee, Furaha, alikuwa na miaka tisa. Alizaliwa hapahapa. Kiswahili alikisikia chote, lakini akijibu alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika ilikuwa Kizulu.

Majani yalipoanza kukauka na asubuhi kuanza kuuma, shule yake ilikuwa inatuma habari za msimu. Sare za baridi zinaanza lini. Netiboli inaanza mazoezi. Nani anaweza kupika supu Ijumaa asubuhi, nani ana muda wa kusoma hadithi na watoto wa darasa la kwanza, nani anaweza kuvaa kizibao cha kung'aa na kuwavusha watoto barabara pale kwenye robot, yaani taa za barabarani. Mwaka ule waliongeza jambo moja: Jumamosi, familia zote zinaombwa kuja kuyaandaa madarasa kabla baridi haijaingia.

Mimi karatasi hiyo sikuisoma. Furaha ndiye aliyenieleza, amesimama mlangoni na begi bado mgongoni.

"Papa, mwalimu alisema mvae nguo za zamani," akaniambia kwa Kiingereza chake.

"Haukusikia muzuri," nikamjibu. "Mwalimu hawezi kusema vile."

Nieleze vizuri hapa, usidhani nilikuwa mjinga tu. Kwetu Bukavu, shule ikimwita mzazi Jumamosi, huo ni mkutano. Mkurugenzi anahutubia, wazazi wanapangwa kwenye viti vya mbele, mmoja wao anasimama kutoa shukrani kwa Kifaransa kirefu. Mzazi anavaa. Anayekuja na shati lililochoka, mtoto wake atataniwa hadi mwisho wa mwaka. Basi mimi nilitoa suti yangu ya rangi ya divai, ile ya harusi na Pasaka, viatu vyenye ncha, na marashi kidogo nyuma ya masikio. Wiki nzima nilikuwa sare iliyosimama getini. Jumamosi hiyo nilitaka kuonekana mtu, na nilitaka Furaha anione naonekana. Hilo sikatai hata leo.

Tulipofika niliona ngazi. Niliona baba mmoja amevaa kaptula, yuko juu ya paa anazoa majani kwenye mifereji. Akina mama wamefunga vitambaa kichwani, wanasugua madirisha. Madawati yote yalikuwa nje uani, na watu walikuwa wanayageuza, wanabandua chingamu na kuyapiga msasa. Hapakuwa na meza kuu wala kipaza sauti. Mwalimu wa Furaha, mama mwenye sauti kubwa na uso wa furaha, alitukimbilia na brashi ya rangi mkononi, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akasita.

"Karibu sana, baba," akasema. "Umependeza."

Mwanangu, koti lilikuwa na vifungo viwili tu. Kuvua koti, kukunja mikono ya shati, kucheka kidogo na kusema jamani nilidhani kuna harusi, basi. Watu wangecheka pamoja nami na tungepaka rangi mpaka mchana. Nimeifanya kazi hiyo kichwani mwangu mara nyingi tangu wakati ule. Siku yenyewe nilivuta kiti cha plastiki, nikakiweka ukutani penye jua, nikaketi na kukunja mguu mmoja juu ya mwingine.

Furaha alikuwa tayari ameshika upande mmoja wa dawati na rafiki yake. Nikamwita mbele ya watu.

"Ikala hapa! Hii haiko kazi yetu."

Aliliachia dawati, akaja akasimama kando yangu. Hakuketi. Alikuwa amevaa nguo zake za zamani, suruali iliyotoboka goti, na mimi kando yake nanukia marashi. Watu walianza kutuangalia kwa jicho la pembeni, kisha wakaacha, na huko kuacha ndiko kulikoniudhi zaidi.

Pale palikuwa na bibi mmoja anayeitwa Gogo Ndlovu. Gogo kwao ni bibi, na kweli alikuwa bibi, analea wajukuu wawili waliokuwa wakisoma shule ile. Alikuwa anabeba madawati. Kila alipopita mbele yangu na dawati alisema "Sawubona, baba," na mimi nilimwitikia vizuri kama ninavyowaitikia wenye magari getini, huku nimekaa. Mara ya tatu au ya nne alisimama kupumua. Akaniangalia, akamwangalia mtoto. Kabla hajafungua kinywa, Furaha akasema haraka, kwa Kizulu, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ngazi:

"Baba yangu anaumwa mgongo, Gogo. Hawezi kubeba. Lakini alitaka kuja."

Kizulu changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani, lakini hayo niliyaelewa yote. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikashika kiuno.

Ndiyo, mwanangu. Nilishika kiuno changu kizima na kukunja uso kama mgonjwa. Naona haya kuandika, na wewe utaona haya kusoma, na ni sawa.

Gogo Ndlovu aliweka dawati chini. "Hau, pole," akasema, akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na kopo la dawa ya kuchua. Akaniambia nivue koti. Koti ambalo nilikuwa nimekataa kulivua kwa ajili ya kazi, nililivua kwa ajili ya uongo. Bibi yule, mikono imejaa vumbi la msasa, akainua shati langu kidogo nyuma na kunichua mgongo pale uani, polepole, huku akiomba kwa sauti ya chini. Watoto waliacha kazi wakatazama. Baba wa juu ya paa aliniuliza kama nimewahi kujaribu kulala sakafuni. Wakaniletea chai na maandazi kabla ya wote, na tulipoondoka mwalimu akanipa sahani iliyofunikwa, nipeleke nyumbani. Nilitoka getini nikichechemea. Hakuna aliyeniambia nichechemee, nilijiongezea mwenyewe.

Njiani nilimuuliza Furaha, kwa ukali wa mtu mwenye makosa, "Kwa nini ulidanganya?"

Akanijibu bila kuniangalia. "Ningesema nini, Papa?"

Nyumbani Mama Furaha alipokea sahani, akauliza inatoka wapi, nikasema watu walinihurumia kwa ajili ya mgongo. "Mugongo gani tena?" akashangaa. "Juzi si wewe ulipandisha friji kwa ngazi peke yako?" Furaha alikuwa anavua viatu. Aliingia nyuma ya pazia la kitanda chake, na jioni ile hakula.

Tangu siku hiyo shule ilinyamaza nyumbani kwetu. Sikusikia tena habari ya karatasi wala ya mwalimu. Nikimuuliza, alijibu "Sharp, Papa," kama vijana wa barabarani wanavyosema mambo safi, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwamba ameingia timu ya netiboli niliambiwa na jirani. Jirani, mwanangu! Alikuwa amecheza mechi mbili, ameanguka, ameshinda, na mimi baba yake nimelala kitandani mchana huo huo, mita chache kutoka uwanjani, nikifidia usingizi wa zamu ya usiku. Alikuwa ananificha. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameamua kwamba njia salama ya kuwa na baba kama mimi ni kutomleta shuleni. Niliogopa. Nilikuwa nimevuka mipaka mitatu kwa miguu na mabasi ili mtoto wangu azaliwe mahali pa amani, na sasa nilikuwa nampoteza kwa sababu ya kiti cha plastiki.

Mwezi wa tano, Ijumaa moja, niliposhuka zamu sikwenda nyumbani. Nilikwenda shuleni na sare yangu ya ulinzi, macho mekundu kwa usingizi. Ilikuwa ile asubuhi ya supu. Gogo Ndlovu na akina mama wawili walikuwa wanahangaika na sufuria kubwa, wanataka kuitoa jikoni kuipeleka uani kwa watoto waliokwisha kupanga foleni na vikombe vyao. Sikufikiri. Niliishika masikio yote mawili nikaiinua.

"Baba, mgongo wako!" Mwalimu alipiga kelele.

Foleni yote iligeuka. Furaha alikuwa katikati yake, na nikaona uso wake unavyobadilika. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi nilivyomfunga. Nikinyamaza, uongo wetu unaendelea na yeye anaubeba kila siku. Nikisema kweli, namfanya aonekane mwongo mbele ya wenzake. Niliweka sufuria chini. Kiingereza changu ni kibovu, na siku hiyo kilikuwa kibovu zaidi.

"Mgongo wangu ni mzima," nikasema. "Siku ile pia ulikuwa mzima. Niliona kazi ni ndogo kwangu. Mtoto alinifunikia aibu, akasema naumwa. Kosa ni langu, msimlaumu yeye."

Mwalimu hakujua aangalie wapi. Mtoto mmoja alicheka, mwenzake akampiga kiwiko. Furaha aliangalia ndani ya kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu. Nilitamani ardhi inimeze, na sisemi hivyo kwa mapambo.

Gogo Ndlovu alinivuta mkono mpaka kwenye bomba la maji. Nikaanza kumwomba msamaha, kwamba alinichua na mimi sikuwa mgonjwa, kwamba aliniombea.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Eish, baba. Mtu mwenye mgongo mbovu anakaa vile, amekunja mguu?" Alikuwa anasuuza upawa wala haniangalii. "Mtoto wako alikuwa ananitazama aone kama nitamwamini. Ningecheka, ningemvunja. Nikachukua dawa. Ile dawa niliipaka kwa ajili yake."

Akanipa upawa. "Haya, gawa. Supu inapoa, na watoto wana darasa."

Nikagawa. Furaha alipofika mbele yangu alinyoosha kikombe bila kuinua macho, nikamjazia, akapita kwa mwingine. Hakunisamehe siku ile. Hakunisamehe wiki ile wala mwezi ule, na usimwamini mtu anayekuambia watoto husahau upesi. Nilirudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine, baridi yote. Nilivusha watoto barabara, nilishika ngazi, nilibandua chingamu ya watoto wa watu kwa kisu. Sikufanya hivyo ili nisifiwe, maana hakuna aliyenisifu. Siku moja, katikati ya baridi, aliniambia tu kwamba Jumatano wana mechi, saa nane, na nikitaka naweza kuja. Nilikwenda chooni nikalia.

Sasa nakuambia wewe, baba kijana. Shule ikikuita, nenda. Usipojua unachoitiwa, uliza, hata kama swali lako litaonekana la mshamba. Ukifika umevaa vibaya, vua koti na ushike unachokiona. Usiseme hii haiko kazi yetu, kwa sababu mtoto wako yuko mle ndani mchana kutwa na anajua kazi ya nani imeachwa. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema mwenyewe na useme mapema, kabla mtoto hajatafuta maneno ya kukuokoa. Watoto wetu wanatupenda kuliko tunavyostahili. Wako tayari kudanganya dunia nzima kwa ajili yetu, na uongo huo wanaubeba wao, ilhali mifupa yao bado laini.

Mungu akupe mikono isiyochagua kazi. Akuweke kati ya watu watakaomlinda mwanao hata siku ambayo wewe umeshindwa. Na mwanao, akiulizwa baba yako ni nani, akunyooshee kidole bila kwanza kufikiri aseme nini. Amina.