Mkwe Nyuma ya Kichuguu

Kamina sikuipenda tangu treni iliposimama. Watu waliokuja kutupokea walinitazama miguu kabla ya uso, nami nikajiuliza, kwa nini miguu? Huenda ni kwa sababu ya viatu vyangu vipya. Lakini mimi ni mtu wa kushuku, mtu akinichekea natafuta kilichojificha nyuma ya meno.

Nilikwenda kuposa. Ilikuwa miaka ya hamsini, nikifanya kazi ya karakana Elisabethville, na jioni nikikimbia mbio ndefu katika timu yetu. Binti nilimfahamu huko huko, alipokuja kujifunza kushona kwa shangazi yake. Kwao palikuwa Kamina, na bila neno la baba yake hapakuwa na ndoa. Aliyekuja kunisemea alikuwa baba mdogo wangu. Yeye alikulia kijijini, desturi anazijua. Mimi nilizaliwa mjini, katika kambi ya wafanyakazi, nilizisikia tu, tena kwa sikio moja.

Baba wa binti, mfanyakazi wa reli, alitupokea uani kwa maneno machache. Mama wa binti hakuonekana. Nikamnong'oneza baba mdogo, je, ni mgonjwa? Akanikanyaga mguu. "Buko," akasema. Ndiyo ile haya iliyopo kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hawatazamani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mwanamume huacha njia, akaingia majanini mpaka mama apite. Hata hivyo, nyuma ya uzio wa matete nilihisi kuna macho. Tukaambiwa jibu ni kesho.

Kesho yake, jua lilipotoka, roho ilikuwa juu juu. Dawa yangu ya roho juu ni moja. Nikavaa kaptula nyeupe nikatoka kukimbia. Baridi ya asubuhi ya kiangazi ilinichoma masikio. Nilivuka reli, nikashika njia ya udongo mwekundu inayopanda kwenda mashambani. Vilima vya upande ule si virefu, ila kimoja huzaa kingine. Unadhani umefika juu, kumbe mgongo mwingine unakungoja.

Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo alinyoosha mgongo.

"Weye, uko nakimbia nini?"

"Niko nakimbia tu, baba."

"Tu? Mutu hakimbiake tu. Nani anakufukuza?"

"Hakuna."

Akatazama nyuma yangu kuhakikisha. Hapo ndipo Kiswahili chetu kiliponisaliti. Kukimbia ni kwenda mbio, na kukimbia ni kutoroka, na yule mzee alisikia la pili. Isitoshe, siku zile watu waliwaogopa batumbula, wale waliosemekana kukamata watu na kuwapeleka kwa wazungu wakaliwe. Mgeni ni kuku mweupe, nami nilikuwa nimeongeza kaptula nyeupe. Msichana mmoja aliponiona alitupa kuni zake akazama mihogoni. Nilikasirika. Mimi, mutumbula?

Kwenye kilima cha pili nikasikia baiskeli nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, nayo inapunguza. Ukaja mteremko ambao ingeweza kunipita bila taabu, haikunipita. Machale yakanicheza.

Mbele, juu ya mgongo wa kilima, akatokea mwanamke mwenye beseni kichwani na jembe begani. Aliponiona alisimama, akatua beseni, akashika jembe kwa mikono miwili. Baiskeli nyuma, jembe mbele! Akipiga ukelele mmoja tu, nitauawa kabla ya kusikia jibu la posa yangu. Niliruka nje ya njia, nikajitupa nyuma ya kichuguu, kimoja cha vile vikubwa kama nyumba, nikachutama. Niliogopa, nasema wazi. Nikasikia hatua za yule mama zikipita polepole, kisha baiskeli ikigeuka kurudi mjini.

Mchana tulipokaa uani, baba wa binti hakutusalimu.

"Jirani yangu alifuata kijana wenu na velo," alimwambia baba mdogo, yaani ile baiskeli. "Alikimbia kilima ya kwanza, alikimbia ya pili. Hakuna mutu anamufukuza. Mwizi anakimbiaka. Mutumbula anakimbiaka. Na mwanaume mwenye hataki kuoa bibi, naye anakimbiaka." Akanigeukia. "Weye iko gani?"

"Ni sport, baba."

"Sport ni mupira. Mupira yako ilikuwa wapi?"

Baba mdogo alitazama chini, nami nikamwona binti akiniponyoka hivi hivi, kwa ajili ya kaptula.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya matete.

"Muulize vizuri. Alinikuta ku njia. Akaacha njia, akajificha mpaka nilipita. Ni mutoto wa ku ville, wa mujini, lakini anajua buko. Jirani yako alikuwa pale, muulize."

Kumbe yule mwenye jembe! Nikafungua mdomo, baba mdogo akanikanyaga tena. Baba wa binti alinikodolea macho muda mrefu, kisha akaagiza pombe iletwe. Pombe ndiyo iliyokuwa jibu.

Miaka mingi baadaye, watoto wetu wakicheza uani mwake, mama mkwe alinisemesha kupitia mlango uliorudishwa, kama tulivyozoea, akiniita muko, yaani mkwe.

"Muko wangu, siku ile ya kichuguu, ulijua minyi ni nani?"

"Hapana, mama."

"Ungejua namna gani? Haukuniona hata siku moja. Baba yao anashuku mambo yote, lakini ile hakuuliza." Akacheka. "Minyi pia niliogopa. Nilisema, huyu mutumbula, namupiga jembe. Halafu nikakujua, kwani nilikuchungulia mu matete. Na weye ukaruka sawa kuku!"

Nikamuuliza kwa nini basi alinisemea.



"Mwanaume mwenye anaogopa mwanamuke na jembe yake, hatapiga mutoto wangu. Huyu bwana yangu hakuniogopa hata siku moja."

Nje mzee wake alikohoa, akiwa anaingia uani, na sauti ya nyuma ya mlango ikakatika.